Jars of Clay wamebadilika, je wamepoa kiimani?

SWALI: Habari za kazi. Mi naipenda sana Jars of Clay, ile bendi ya Kikristo ya Marekani, tangu albamu yao ya kwanza, ila nikisikiliza za baadaye naona kama bendi nyingine kabisa, magitaa ya umeme kibao, vinanda, na Yesu hatajwi waziwazi sana. Wenzangu wa kwaya wanasema hao washapoa, wameifuata dunia. We unaonaje, na nikitaka kuwaelewa nianzie wapi?

JIBU: Mpendwa, hapo mi na wenzako wa kwaya hatukubaliani kabisa.

Hawa jamaa walianza kupiga pamoja 1993 wakiwa wanafunzi wa chuo cha Greenville, Illinois huko Marekani, jina lao, yaani vyombo vya udongo, wamelitoa 2 Wakorintho 4:7, pale Paulo anaposema tuna hazina hii katika vyombo vya udongo. Albamu ya kwanza ikatoka 1995, gitaa kavu lisilo la umeme juu ya midundo ya mashine, na fidla ndani yake, kitu ambacho kwenye muziki wa injili wa wakati ule kilikuwa kigeni kweli. Sasa chukua ule wimbo wao Flood, uliopigwa mpaka redio za kawaida 1996 na kuingia 40 bora za Billboard, ile chati ya nyimbo zinazovuma Marekani. Usikilize vizuri mstari kwa mstari: mvua haikatiki, mtu anazama, anaomba ainuliwe, dhambi na hatia zimetajwa ila jina la Yesu hulisikii popote! Kwa hiyo kama kipimo ni kutaja jina basi walipoa siku ya kwanza, na hilo hata wenzako hawawezi kulisema.

Nachokiona mi ni watu waliokua. 2005 wakatoa Redemption Songs, tenzi za zamani wamezipangia muziki upya, humo kuna Zaburi ya 51 na ile tunayoijua kama Ni Salama Rohoni Mwangu, yaani watu waliopoa wanarudi kwenye tenzi kutafuta nini? Mwaka uliofuata ikaja Good Monsters, hiyo ni roki haswa, magitaa yanakwaruza, na humo wanaimba kuhusu mema na mabaya yanayokaa ndani ya mtu mmoja, kuna mahali kilio kwa Mungu kinaulizwa kwa uchungu mpaka unasimamisha ulichokuwa unafanya. Kuuliza hivyo si kupoa jamani, Ayubu aliuliza, Daudi aliuliza, na wote walikuwa wanamuuliza Mungu mwenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo ukikaa na muziki tu hulioni. 2004 walianzisha shirika la Blood:Water, linashughulika na maji safi na HIV Afrika, wakajiwekea lengo la kufikisha maji kwenye jamii 1000 na lengo likatimia. Mi hapo ndo nikawaheshimu zaidi, maana tuzo za Grammy walishakuwa nazo tatu na wangeweza kutulia tu.

Kuhusu pa kuanzia: usianze na The Long Fall Back to Earth ya 2009, ile yenye vinanda vingi, itakukatisha tamaa mapema. Anza na Redemption Songs kwa sababu nyimbo unazijua tayari, sikio litashika wanachofanya na sauti, kisha Good Monsters, tena uisikilize ukiwa peke yako na maneno yake mbele yako. Ile ya 2009 utaifikia na nadhani utaipenda.