Maswali na majibu: Kabla ya kuuliza mti, taja ugonjwa

Maswali mengi ya safari hii yanaomba dawa ya asili badala ya antibiotiki. Nia ni njema, kwa sababu usugu wa vimelea dhidi ya dawa unamgusa mfugaji na mnywaji wa maziwa vilevile. Lakini wengi mnauliza mti bila kutaja ugonjwa, na wengine hamtaji hata mnyama.

Kuku wangu wanapinda shingo, kinyesi ni cha kijani, kila asubuhi nakuta waliokufa. Nimewapa mwarobaini na shubiri. Sasa niwape antibiotiki gani?

Hakuna. Dalili hizo zinaelekea mdondo, ambao wengine huuita kideri, nao huletwa na virusi. Antibiotiki haiui virusi, na mwarobaini na shubiri haviponyi mdondo. Nimeshalijibu swali hili mara nyingi, na bado linakuja vifo vikiwa vimeshaanza. Kinga ni chanjo ya mapema. Ile ya I-2, inayostahimili joto kuliko nyingine, hudondoshwa jichoni na kurudiwa kila miezi mitatu au minne. Kwa sasa choma au fukia mizoga, usiuze waliobaki wala usimgawie mtu wanaoonekana wazima. Mwite mtaalamu wa mifugo leo, maana mafua makali ya ndege huweza kuonekana hivyo hivyo.

Nimesikia kitunguu saumu kinatibu ugonjwa wa kiwele. Mwenzangu alikitumia na ng'ombe akapona.

Simkatalii mwenzako kwamba ng'ombe alipona. Swali ni alipona na nini.

Ugonjwa wa kiwele huletwa na bakteria wa aina nyingi, na hawafanani tabia. Wale wa E. coli, ugonjwa ukiwa mwepesi, mara nyingi huondolewa na kinga ya ng'ombe mwenyewe ndani ya siku chache. Hapo antibiotiki yenyewe haiongezi kitu kikubwa, na chochote utakachompa kitasifiwa. Streptococcus agalactiae husikia penisilini vizuri sana. Staphylococcus aureus hujificha ndani ya nyama ya kiwele, na hata dawa ya dukani hushindwa mara kwa mara, hadi mfugaji analazimika kumwondoa ng'ombe kundini. Kwa hiyo anayetaka kupunguza antibiotiki kwa dhati aanze kwa kupeleka sampuli ya maziwa maabara. Kuna mashamba yanayopima kwanza, yanatibu ng'ombe wanaohitaji tu, na wengine wanapona bila sindano.

Kitunguu saumu kina alisini, inayoua bakteria kwenye sahani ya maabara. Kiwele si sahani. Tena kitunguu saumu na kitunguu maji vikizidi huvunja chembe nyekundu za damu, na ng'ombe ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi.

Na hili nalisema kwa uchungu: msiingize maji ya majani, kitunguu wala mafuta ya kupikia ndani ya chuchu kwa bomba la sindano. Mnaingiza kuvu na uchafu mahali ambapo hata dawa ya kuvu haifui dafu. Ng'ombe mwenye homa, aliyeacha kula, au mwenye kiwele kilichopoa na kuwa cha bluu anahitaji daktari siku hiyo hiyo. Kumchelewesha kwa sababu ya msimamo wako juu ya dawa ni kumtesa.

Yanayosaidia bila antibiotiki yanajulikana: kumkamua mgonjwa awe wa mwisho, kuchovya chuchu kwenye dawa ya ayodini baada ya kukamua, malazi makavu, na kumpa malisho mara amalizapo kukamuliwa ili asimame kama nusu saa mpaka tundu la chuchu lijifunge.

Asali kwenye kidonda cha mbuzi?

Ndiyo, ikiwa kidonda kimeoshwa kwa maji safi yenye chumvi na hakijazama ndani. Sukari yake nyingi na asidi yake huwazuia bakteria. Funika kidonda, kwa sababu ya nzi, na pia kwa sababu asali ngeni huweza kubeba ugonjwa wa kuoza kwa buu la nyuki na kuupeleka mizingani.

Ndama anaharisha. Nimpe mkaa au antibiotiki?

Mpe maji. Ndama wa kuhara huuawa zaidi na upungufu wa maji na chumvi kuliko na kijidudu chenyewe, na vijidudu vyenyewe mara nyingi ni virusi vya rota na korona au Cryptosporidium, ambavyo antibiotiki haivigusi. Tumia chumvi za kuongeza maji zilizotengenezwa kwa ndama, katikati ya milo, na maziwa usimnyime. Akishindwa kunyonya au kusimama, anahitaji maji ya mshipani.

Kisha jiulize alipata dang'a lini. Ndama anahitaji kama lita tatu hadi nne za maziwa hayo ya kwanza ndani ya saa sita. Baada ya siku moja utumbo wake haupitishi tena kinga ya mama. Sijui mmea wowote unaoziba pengo hilo.

Siki ya tufaha kwenye maji ya kuku kila siku?

Haitibu kitu, na kwenye chombo cha bati huyeyusha zinki.

Nikitoa nusu dozi ya antibiotiki na nusu mitishamba, si nitakuwa nimepunguza?

Utakuwa umewafundisha bakteria kuizoea dawa. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alionya juu ya dozi pungufu mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel. Toa dozi kamili au usitoe kabisa.

Ulaya waliachaje antibiotiki?

Sweden ilipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986, Umoja wa Ulaya mwaka 2006. Wafugaji wa samaki wa Norway walitumia karibu tani 50 za antibiotiki mwaka 1987, kisha wakashuka hadi kiasi kidogo sana huku uzalishaji ukipanda, na kilichowashusha hasa ni chanjo. Wafugaji wa nguruwe wengi walikimbilia oksidi ya zinki kuzuia kuhara kwa watoto wa nguruwe. Nayo ikachafua udongo na kuchochea usugu, ikapigwa marufuku kama dawa mwaka 2022.

Ng'ombe aliyepewa mitishamba, maziwa yake niuze lini?

Mitishamba mingi haijapimwa muda wa kusubiri, na harufu ya kitunguu saumu hupita moja kwa moja kwenye maziwa. Kama ulimpa mchanganyiko wa chupa isiyo na lebo, hujui kilichomo, na antibiotiki inaweza kuwemo. Maziwa hayo usiyauze wala usimpe ndama mpaka mtaalamu akuambie.