Toulouse kabla ya Dupont
Eti Toulouse, klabu ya raga ya Ufaransa, ilianza kutamba na nyota wao Antoine Dupont? Hapana ndugu, haikuanza na Dupont. Klabu ilizaliwa 1907, na 1912 ikatwaa ubingwa wa Ufaransa bila kupoteza mechi. Kombe la Ulaya lilipochezwa mara ya kwanza, msimu wa 1995/96, wao ndio walilibeba: waliilaza Cardiff ya Wales 21–18 huko huko Cardiff, baada ya muda wa nyongeza. Nahodha? Émile Ntamack. Mwanawe Romain ndiye huyu anayecheza na Dupont, na trai yake (bao la kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani) ya dakika za mwisho dhidi ya La Rochelle, fainali ya ligi 2023, itafute uione, jamaa aliwapita mabeki kama hawapo. Hadi 2024 walishabeba Ulaya mara sita, rekodi.