Pima maziwa kabla hujayachanganya

Kazi yangu ni kupokea maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, na ombi langu kwa kila mfugaji ni moja: pima kabla hujachanganya. Lita mbili zilizoharibika zikishamiminwa kwenye keni la lita 50, keni zima limekwenda.

Anzia bandani. Michirizi ya kwanza ya kila chuchu ikamulie kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi juu. Ukiona mabonge, usaha au damu, ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele. Tatizo ni kwamba mara nyingi ugonjwa huu haujionyeshi. Hapo tumia kibao cha vikombe vinne cha kupimia kiwele: kamulia kila chuchu kwenye kikombe chake, tia dawa ya kupimia kiasi sawa na maziwa, zungusha taratibu. Maziwa mazima hubaki mepesi. Yenye ugonjwa huvutika kama mlenda. Dawa hiyo haionyeshi bakteria wenyewe, bali chembe za kinga ambazo mwili wa ng'ombe umezimwaga kiweleni kupambana nao.

Kituoni nafungua kifuniko na kunusa papo hapo, kabla harufu haijapotea. Kisha nachanganya kwenye kioo mililita 2 za maziwa na mililita 2 za spiriti ya asilimia 68. Chengachenga zikiganda kwenye kioo, sipokei. Ila tusiwaonee watu: dang'a na maziwa ya kiwele kinachoumwa nayo hukatika kwenye spiriti, hata kama ndoo ilioshwa vizuri. Mwenye mali akibisha, nachemsha kidogo mbele yake tuone kama yatakatika. Na laktomita, kile kifaa kinachoelea kwenye maziwa kupima uzito wake, mwiache kwenye kazi yake ya kukamata maji yaliyoongezwa, bakteria haiwaoni.

Kituo chenye uwezo kiongeze resazurini. Ni rangi ya bluu: ukiiweka kwenye maziwa ya nyuzi joto 37 kwa dakika 10, bakteria wakiwa wengi inageuka waridi, wakizidi sana inapauka kuwa nyeupe.

Linaloniumiza ni watu kudhani maziwa yaliyopita spiriti yanafaa kunywewa mabichi. Bakteria wa brusela, wanaofanya ng'ombe atupe mimba na wanaoambukiza watu pia, hukaa ndani ya maziwa matamu, yenye harufu nzuri, na hakuna kipimo kati ya hivyo kitakachowakamata. Chemsha mpaka yatokote. Ng'ombe akitupa mimba, mwite daktari wa mifugo achukue sampuli, na usikubali mtoto anywe maziwa mabichi ya zizi hilo wakati mnangoja majibu.