Majibu ni 99.99%, mbona ubalozi wamekataa?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi nipo Marekani, nimemwombea mwanangu viza aje tuishi wote, sasa cheti chake cha kuzaliwa kilitolewa ameshafika miaka 9 kwahiyo wakanijibu wanashauri tupime DNA. Nikaona kungoja ni kupoteza muda, nikaagiza onlaini kile kipimo cha kujipimia nyumbani, nikajipima, kingine nikamtumia mamdogo wake kule aliko akampima mtoto, majibu yakaja 99.99% baba ni mimi. Nimepeleka wamegoma kabisa eti hawayatambui. Huu si uonevu? DNA si ni DNA tu?
Baba wa Mmoja

JIBU: Pole sana Baba wa Mmoja, manake hela imeshaenda hiyo. Maabara pengine hawajakosea hata kidogo, na 99.99 imepita kiwango wanachotaka Marekani ambacho ni 99.5. Shida ipo kwenye kile kijiti cha pamba. Kimeingia shavu la nani? Anayejua ni mamdogo peke yake. Ukiwa na mtoto mwingine, angeweza kukisugua kwenye shavu la huyo akaandika jina la huyu na majibu yangetoka 99.99 vilevile, sa ofisa atajuaje? Sisemi kafanya hivyo, nasema hakuna aliyekuwepo.

Sasa rudi mwanzo. Barua ya kushauriwa kupima unayo, hiyo ndo ya kuanzia (wasiokuwa nayo wasikimbilie kupima). Tafuta maabara yenye ithibati ya AABB (shirika la Marekani linalokagua na kuidhinisha maabara), waambie ni kwa ajili ya uhamiaji na uwape namba ya kesi. Wewe utapimwa hukohuko Marekani mbele ya mtu anayekagua kitambulisho chako. Vifaa vya mtoto maabara wenyewe wanavituma ubalozini, wewe huvishiki, mamdogo havishiki, na mtoto anapimwa kwa miadi chini ya usimamizi wa ubalozi akiwa na pasipoti yake, halafu sampuli zinafungwa zinarudi maabara na majibu yanatoka maabara kwenda kwao moja kwa moja. Kopi utapewa ya kwako ya kuweka kabatini, ukiwapelekea hiyo utarudishwa tena.

Gharama zote juu yako, na ile ya mchukua sampuli pia, uliza mapema. Majina yafanane na pasipoti herufi kwa herufi, na mtoto asile wala kunywa kitu kama saa nzima kabla ya miadi. Halafu kitu ambacho watu wanaona aibu kukisema: kama kuna uwezekano wowote kwamba baba ni kaka yako, waambie maabara kabla, manake ndugu wa damu mnafanana vitu vingi na wao watapanua kipimo. Mama mtoto naye akipimwa majibu yanakuwa na nguvu zaidi.

SWALI: Dada, mtoto nimemlea toka ana mwaka 1, mama yake ni mke wangu wa ndoa, ila damu si yangu na mwenyewe hajui. Nikimwombea aje Marekani niandike mwanangu tu?

JIBU: Usiandike wa kumzaa. Marekani mtoto wa kambo anaombewa vizuri tu mradi ndoa yako na mama yake ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18, na hapo unaonyesha cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa chenye jina la mama, DNA yako haihusiki kabisa. Ukiandika wa kumzaa halafu wakashauri kipimo, majibu yanawafikia wao moja kwa moja na hapo kesi inageuka kuwa ya udanganyifu. Na huyo mtoto mwambieni nyie wawili, nyumbani, kabla hajaulizwa dirishani siku ya intavyuu na mtu asiyemjua.