Mbio unazo, baiskeli utapata, lakini maji je?

Juzi niliweka picha ya leseni yangu ya triatloni, mchezo wa kuogelea, baiskeli na mbio kwa mfululizo, ile ya kushindana na maprofeshno, na kabla hata sijala chakula cha usiku kijana mmoja wa Likoni akaniandikia: "Kaka mimi nakimbia kilomita kumi kwa dakika 32, nimeanza kuweka pesa ya rodi baiki, niambie nifanye nini nifike ulipofika." Mdogo wangu, nilikujibu kwa ufupi lakini moyo haukutulia, kwa sababu ile meseji yako ni mimi wa miaka 6 iliyopita, na mimi sikupata mtu wa kunambia.

Nimezaliwa Kisauni. Mpira nimecheza winga mpaka fomu foo, shuleni nkakimbia mita 5000, wikendi tuko Nyali baharini tunachupa na kupiga mbizi mpaka macho mekundu. Mtaani wakaniita mtu wa michezo yote na nililipenda sana lile jina. Ila kwenye mbio ndipo nilipoumizwa. Kuna kocha mmoja, jina simtaji, alinambia mbele ya wenzangu kwamba watu wa pwani ni watu wa baraza na usingizi, mkimbiaji hatoki kwenye joto hili, niende Iten kule milimani kwa wakimbiaji ama niache. Nlikua na miaka 17. Mpaka leo nikiamka saa kumi alfajiri kwenda mazoezi naiskia sauti yake.

Triatloni niliijua kupitia mteja wa duka la spea za baiskeli nilipokua kibarua Mwembe Tayari. Akanieleza: unaogelea kilomita 1.5, unapanda baiskeli kilomita 40, unamalizia na mbio kilomita 10, na saa haisimami hata wakati unavaa viatu. Nkapiga hesabu pale pale. Kuogelea najua, baiskeli nazitengeneza kila siku, mbio ndio zangu. Nkasema huu mchezo nimeandikiwa mimi.

Na kweli mashindano ya hapa nyumbani yakaanza kunikubali, hata na ile baiskeli yangu ya mtumba. Nilikua natoka majini wa mwisho mwisho, kwenye baiskeli nawapunguza, kwenye mbio nawaokota mmoja mmoja mpaka mbele. Watu wanashangilia, mamangu analia. Hapo ndipo nilipodanganyika.

2022 nkaandikishwa mashindano ya maprofeshno Afrika Kusini. Maji yalikua baridi mpaka tukaruhusiwa wetisuti, ile nguo ya mpira ya kukinga baridi majini, na maprofeshno kwa masafa haya hawaruhusiwi kuivaa mpaka maji yawe chini ya nyuzi 20, bahari ya kwetu haijawahi kufika huko. Yangu ilikua ya kuazima, ikanibana mabega. Lakini sitaki kuisingizia wetisuti, tatizo lilikua mimi. Nilitoka majini dakika 4 nyuma.

Sasa elewa hapa, maana ndio kiini cha kila kitu nitakachokwambia. Kwenye hizi mbio za maprofeshno za masafa ya Olimpiki unaruhusiwa kukaa nyuma ya gurudumu la mwenzako, yeye anakukatia upepo, alaf wewe unaingia mbele unamkatia, ndio maana wanakwenda kwa kikundi na wanakwenda kasi sana. Ukichelewa kutoka majini kikundi kishaondoka, umebaki wewe na upepo, na hata uwe na miguu ya chuma huwezi kuwashinda watu 15 wanaopokezana. Mzunguko wa tatu wa baiskeli nkaskia magurudumu nyuma yangu yanavuma kama mvua inayokuja juu ya mabati. Wakanipita. Refa akaninyoshea mkono nitoke. Sheria ndio hio, ukipitwa raundi nzima umetolewa. Viatu vyangu vya mbio vilikua pale chini nimevipanga, poda nimeshatia ndani, sikuvigusa. Nimesafiri kote kule na ile miguu niliyosifiwa maisha yangu yote haikukimbia hata mita moja. Nililia kwenye choo cha uwanja wa ndege na sioni haya kusema.

Kwa hio mdogo wangu hio pesa ya baiskeli isikukoseshe usingizi kwanza. Anza na maji. Najua utasema mimi wa Likoni nitakosaje kujua kuogelea, hata mimi nilisema hivyo hivyo. Kujua kutozama si kujua kuogelea. Niliporudi nkamtafuta mzee mmoja anayefundisha watoto kwenye bwawa, akanitazama mita 50 tu akanambia, "Wewe kichwa kiko juu kama mtu atafuta feri, ndio maana kiuno chazama." Basi. Miaka yote ile nilikua navuta miguu yangu majini kama nanga. Miezi 4 sikukimbia ila mara mbili kwa wiki, niko bwawani na watoto wa miaka 10 ambao wananipita, nashusha kichwa, nazungusha mabega, napumua kwa upande. Iliniuma, lakini nilikubali kufundishwa. Mita 1500 ilikua dakika 24, sasa hivi ni 19 na sekunde 50.

Bwawa likikushinda pesa tumia bahari, ila uisome. Nyali ndani ya mwamba maji yakipwa unatembea kwa miguu, kwa hio ratiba yako ni ya maji, si ya saa, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi, leo unaogelea alfajiri wiki ijayo mchana. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku zote, mkondo ni mkali, usiende peke yako. Kusi ikivuma bahari inachafuka na hapo ndipo unapojifunza kuinua macho kutafuta boya bila kuinua kichwa chote. Watu wa bwawani peke yake hilo hawalijui, wanaogelea mpaka wanapotea njia.

Baiskeli nitasema kidogo tu. Toka kabla ya malori, mimi naanza saa kumi na nusu kuelekea Mtwapa na Kilifi. Na jizoeshe kufunga helmeti kabla hujaigusa baiskeli, ukisahau utapigwa adhabu.

Leseni nayo si kitu cha kununua, shirikisho la nchi yako ndilo linalokuandikisha mashindano ya kimataifa, kwa hio wajue na wakujue, peleka matokeo yako, uliza, rudi tena.

Na hili naliskia uchungu kulisema. Bermuda ni kisiwa, watu hawafiki laki moja, na Flora Duffy alitoka huko akachukua dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo. Henri Schoeman wa Afrika Kusini alikua mwogeleaji kabla ya yote, akapata shaba Rio 2016. Sisi Mombasa tuko zaidi ya milioni moja, bahari imetuzunguka, na bado mtoto akionekana ana pumzi anaambiwa kimbia, akienda majini anapigwa kwa sababu amerudi na nguo mbichi. Wazazi wenzangu, mwacheni aende, mtafutieni mtu wa kumfundisha. Na nyinyi makocha msimwambie mtoto wa pwani kwamba joto limemharibu. Joto hili na maji haya ndio yaliyonipa leseni, yule kocha akiisoma hii ajue.

Mdogo wangu wa Likoni, Jumapili alfajiri maji yatakua yamejaa, niko Nyali. Vuka na feri mapema, kuja na miwani ya kuogelea. Viatu vya mbio viache nyumbani.