Saruji inatoka, pesa hairudi: maswali ya wenye maduka ya vifaa vya ujenzi

Barua za wiki hii nyingi zimetoka kwa wenye maduka madogo ya vifaa vya ujenzi hapa Mombasa, na karibu zote zinalia kilio kimoja. Nimechagua tano.

Nauza mifuko kama 300 ya saruji kwa wiki, wateja hawakatiki, lakini kodi ya duka ikifika natafuta wa kunikopesha. Pesa inakwenda wapi? – Mwenye duka, Kisauni

Ndugu yangu, shika kalamu. Tuseme mfuko wa kilo 50 unakufikia kwa shilingi 700 nawe unauza 730. Mauzo ya wiki ni 219,000, na ukizitazama kwenye simu unajiona tajiri. Faida yake ni 9,000. Kwa mwezi ni kama 36,000, na humo utoe kodi, stima, mshahara wa kijana wa dukani, makuli wa kushusha lori na mkokoteni wa kumfikishia mteja. Umeshaona.

Saruji kazi yake ni kuita wateja. Pesa iko kwenye misumari, waya wa kufungia nondo, bawaba, vitasa, viungo vya bomba, brashi za rangi. Basi jiulize: mteja wa saruji akitoka kwako, anatoka na nini kingine? Kama anatoka na saruji tupu, huenda vile vitu vidogo umevificha nyuma ya mifuko asivione.

Halafu kuna deni, na hapa ndipo maduka mengi yanapofia. Mfuko mmoja usiolipwa umekula 700 zako, na ili uzirudishe lazima uuze mifuko mingine 24 kwa taslimu. Jumlisha madeni yote unayodai, gawanya kwa mauzo ya mwezi, zidisha kwa 30. Ukiwa unadai 400,000 na mauzo ya mwezi ni kama 876,000, hizo ni siku kama 14 za mauzo yako zilizo mikononi mwa watu. Ikiwa anayekuletea mzigo anataka chake ndani ya siku 7, basi wiki nzima wewe ndiwe benki ya mafundi, tena benki isiyotoza riba.

Na chungulia mifuko ya chini. Unyevu wa huku Pwani hauna huruma. Fundi mzoefu huminya pembe ya mfuko kabla hajalipa; akikuta imeganda, anauacha hapo hapo na kuvuka barabara kwa jirani. Panga juu ya mbao, mbali na ukuta, iliyotangulia kuingia itangulie kutoka, na usiiache ifikishe miezi mitatu.

Kontrakta ana deni langu la 350,000 tangu mwaka jana. Simu hashiki. Nimwachie Mungu? – Likoni

Dada, Mungu umwombe, na mahakamani uende. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, deni la bidhaa likiwemo, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia bila wakili. Swali atakaloulizwa kila mdai ni ushahidi uko wapi. Daftari uliloandika peke yako "kontrakta, nondo 40" ni dhaifu. Karatasi ya kupokelea mzigo yenye sahihi yake au ya msimamizi wake, ankara, ujumbe wa simu anaokubali deni: hivyo ndivyo vya kubeba. Kuanzia leo lori lisishushe hata nondo moja kabla ya sahihi.

Mjukuu wangu asema nijisajili kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Mimi nalipa ile kodi ya mauzo ya asilimia 3 na naona inanitosha. – Mzee wa Magongo

Mzee wangu, shikamoo. Mjukuu ana haki ya kusikilizwa. Kwanza, mauzo yanayotozwa VAT yakifika milioni 5 kwa miezi 12, kusajiliwa ni lazima. Mifuko 20 tu ya saruji kwa siku, kwa bei ile ya 730 ya mfano wa kwanza na bila kufunga duka, inakuvusha hapo kabla hujagusa rangi wala mabati.

Pili, asilimia 3 hiyo inakatwa kwenye mauzo, haitazami faida. Kwa mfuko wa 730 ni karibu shilingi 22, na faida yote katika mfano ule ilikuwa 30! Kwa muuza viungo vya bomba si neno. Kwa muuza saruji ni msiba. Sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna wa kodi ukaomba kutozwa kodi ya mapato ya kawaida, ile inayohesabiwa kwenye faida. Lakini uwe na risiti: tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, haikubaliwi, hata kama mchanga ulimwagwa mbele ya macho yako.

Aliyesajiliwa naye asijisahau. VAT ya mwezi hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama mteja uliyemkopesha na kumpa ankara bado hajatoa senti.

Benki iko tayari kunikopesha kwa dhamana ya mali iliyo dukani. Nijaze mabati kabla ya masika? – Changamwe

Dhamana ya aina hiyo ni halali, ina sheria yake tangu 2017. Mabati ndiyo yananitia wasiwasi. Aprili na Mei wengi husimamisha ujenzi na kuziba tu panapovuja, na mabati yaliyobanana yakiingiwa na maji hutoka ukungu mweupe. Chukua kidogo, ununue yale yanayouzika kabla marejesho ya kwanza hayajafika.

Nifungue tawi Ukunda? Lori sasa linapita barabara ya Dongo Kundu, halingoji feri. – Miritini

Barabara si tatizo. Nani atashika droo ya pesa ukiwa Miritini? Kama huna jibu, ngoja. Kama unalo, nenda Ukunda Jumamosi jioni mafundi wakishalipwa, kaa karibu na duka lolote la huko, uhesabu wanaolipa na wanaoandikwa daftarini.