Vidole vinakufa ganzi usiku, ni unene au ni baridi ya Mbeya?

Kamwene wasomaji, na wa Rungwe ugonile. Meseji za mikono kufa ganzi zimekuwa nyingi mno, basi leo tunajibu hizo tu, za matumbo na mafua subirini.

Nina duka Mwanjelwa, kilo 92, urefu mita 1.60. Usiku naamka vidole vimekufa ganzi vinachoma kama nimeshika pilipili, nakung'uta mkono ndo unatulia. Mume wangu anasema baridi, jirani anasema unene. Nani mkweli?

Mama, baridi ya Mbeya inasingiziwa kila kitu, ingekuwa na mdomo ingeshatushtaki. Jirani kagusa penyewe ila hajamaliza. Kwenye kifundo cha mkono, pale unapovalia saa, kuna kinjia chembamba, chini ni mifupa na juu kuna ukanda mgumu usiotanuka, na humo ndani unapita mshipa mmoja wa fahamu umebanana na kano 9 zinazokunja vidole. Sasa we fikiria haisi ya Uyole jioni, gari haliongezeki ukubwa, abiria ndo wanaongezeka, na anayeumia ni yule mnyonge aliyebanwa dirishani. Mnyonge wetu ni huo mshipa. Ukibanwa unapata ganzi kwenye dole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, na usiku inazidi kwa sababu tunalala tumekunja mikono. Hospitali wanaita kapo taneli.

Unene unaingiaje? Kwa watu wanene imeonekana presha humo ndani ya kinjia inakuwa juu na mshipa unapitisha taarifa polepole kuliko kwa wembamba. Chukua kilo zako 92 gawanya kwa urefu mara urefu, yani 1.60 mara 1.60, unapata karibu 36, na kuanzia 30 kwenda juu ndo unene uliopitiliza. Mtu wa kundi hilo hatari yake ni kama mara 2 ya mwenye uzito wa kawaida, na aliyezidi kidogo tu, wa 25 mpaka 30, ni kama mara 1 na nusu. Hatari lakini, sio hukumu, wapo wanene kibao mikono yao mizima kabisa. Kapime na sukari, maana kisukari nacho kinaleta hili tatizo na mara nyingi kinatembea na unene.

Mi nipo Mafinga, mwembamba kilo 58, kazi yangu msumeno wa mashine porini. Mbona na mimi ganzi?

Kaka umejijibu mwenyewe, ni hiyo mashine. Kushika kitu kinachotetemeka siku nzima, tena kwa kukaza, kunaleta hili tatizo hata ukiwa kama fito. Pumzisha mikono katikati ya kazi. Alafu angalia kidole cha mwisho, kama chenyewe ndo kinakufa ganzi hapo ni mshipa mwingine, mara nyingi unabanwa kwenye kiwiko, mwambie daktari hivyo hivyo.

Mimba ya miezi 7, Tukuyu. Mikono yote miwili ganzi, mawifi wanasema nimenenepa sana.

Waambie mawifi watulie. Mimba inajaza maji mwilini na yanabana hapo hapo, wengi inaisha baada ya kujifungua. Ila ukiona uso umevimba, kichwa kinauma sana au macho yanaona ukungu, usisubiri siku ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo.

Fundi cherehani, Iringa. Nimeambiwa nipungue kwanza ndo mkono utapona. Nina miezi 8 napambana na mazoezi, sasa hivi hata sindano inanidondoka.

Dada hapa ndo nimekasirika kidogo, sio kwako, kwa aliyekwambia usubiri. Kupungua ni kuzuri kwa magoti, kwa presha na kwa sukari, na kunapunguza mzigo kwenye hiyo hatari, ila sio tiba ya kuitegemea peke yake kwa mshipa ambao tayari umebanwa, na mshipa ukibanwa muda mrefu unaharibika. Linganisha viganja vyako, kama ile nyama ya chini ya dole gumba imebonyea upande mmoja, nenda wiki hii. Kwa hali ya mwanzo wanakupa spilinti ya kunyoosha kifundo, unalala nayo, na kuna sindano ya kupunguza uvimbe. Ikigoma au misuli imeanza kuisha, kuna opareshini ndogo ya kukata ule ukanda wa juu mshipa upate nafasi, wengi wanafanyiwa kwa ganzi ya mkono tu na siku hiyo hiyo wanarudi nyumbani. Mazoezi endelea nayo, viazi vya kukaanga na soda punguza, ila foleni ya hospitali usiiache.

Kuna chai ya kupunguza mwili inauzwa elfu 40 hapa Makambako, itasaidia ganzi?

Hapana. Hiyo elfu 40 anza nayo kwenye kipimo cha sukari, chenji itabaki.